Jeni Tunayo, Kibebeo Ndicho Swali: Polima, Chanjo na Ng'ombe wa Machakos

Kaunti ya Machakos ina shamba kubwa la utafiti ambalo Wakenya wengi hulipita bila kulijua. Linaitwa Kapiti, lina takriban hekta 13,000, nalo liko karibu na barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Ni mali ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, na tangu miaka ya 1980 limekuwa likilea wanyama wa kutumika katika utafiti wa magonjwa. Ng'ombe wa Boran, kondoo wekundu wa Kimaasai na mbuzi wa Galla hulisha huko katika nyika moja na pundamilia, nyumbu na twiga. Kwa hiyo swali ninalolichambua hapa, ingawa lilizaliwa katika maabara za kemia za Ulaya na Marekani, lina makao hata Ukambani: je, polima zilizobadilishwa kwa kemia zinaweza kubeba jeni na kuziingiza katika mwili wa mnyama aliye hai? Na zikiweza, zitamfaa mfugaji wa Yatta, Masinga au Mwala?

Hoja yangu ni hii. Kwa miaka thelathini sayansi imepiga hatua kubwa katika kuzijua jeni na kuziandika upya, lakini imesuasua katika kuzifikisha zinakotakiwa. Tena vibebeo vingi vilivyosifiwa vimepimwa kwa mizani ya maabara ya panya, ambayo si mizani ya nchi yenye jua kali, umeme wa kubahatisha na mfugaji mwenye ng'ombe watatu. Tukitaka teknolojia hii itufae, lazima tuvichague vibebeo kwa mizani yetu wenyewe.

Ugonjwa unaotulazimisha kuuliza

Tuanze na ugonjwa, maana hapo ndipo faida au hasara ya teknolojia hupimwa. Ndigana kali huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachosambazwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Kimelea hiki huingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kuzifanya zigawanyike ovyo, karibu sawa na saratani. Tezi huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na ng'ombe wa gredi asiyetibiwa mapema aghalabu hufa ndani ya wiki chache. Katika Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini, ugonjwa huu huua ng'ombe wapatao milioni moja kila mwaka. Kwa familia iliyonunua mtamba mmoja kwa mkopo wa chama, kifo hicho ni maziwa ya watoto na karo ya muhula vilivyozikwa pamoja.

Chanjo ipo. Watafiti wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, waliikuza katika miaka ya 1970. Ng'ombe hudungwa vimelea hai na papo hapo hudungwa dawa ya oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu ili ugonjwa usimshinde. Kinga inayopatikana ni imara na hudumu kwa miaka. Lakini tazama gharama ya kuitengeneza: dozi milioni moja huchukua kama miezi 18, na huhitaji ng'ombe wapatao 130, sungura 500 na kupe laki sita. Baada ya hapo lazima ihifadhiwe katika nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa itumike ndani ya saa chache. Mfugaji wa kijiji kisicho na barabara nzuri huisubiri chanjo hiyo mpaka wenzake watimie idadi ya kutosha kumleta daktari wa mifugo. Wakati huo kupe hawasubiri. Nayo majosho ya umma, ambayo zamani yalikuwa ngome ya kwanza dhidi yao, mengi yamekauka.

Kwa sababu hiyo watafiti wametafuta njia nyingine tangu enzi za ILRAD, taasisi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na ambayo baadaye iliungana na nyingine kuwa ILRI. Walitambua protini iitwayo p67, inayofunika ngozi ya kimelea kinapotoka katika mate ya kupe. Majaribio ya malishoni yaliyofanywa Pwani na katikati ya Kenya, ambayo matokeo yake Anthony Musoke na wenzake waliyachapisha mwaka 2005, yalionyesha kwamba p67 ilipunguza ugonjwa mkali kwa takriban nusu. Nusu si haba, ila haimtoshi mtu mwenye ng'ombe mmoja.

Hapa ndipo jeni inapoingia. Kinga ya chanjo ya Muguga hutegemea sana chembe za kinga zinazoua seli za mwili zilizokwisha kuvamiwa. Chembe hizo hufunzwa vizuri zaidi protini ya adui inapotengenezwa ndani ya seli za mnyama mwenyewe. Protini iliyotengenezwa kiwandani na kudungwa kwa sindano huamsha zaidi kingamwili za kwenye damu. Kwa hiyo badala ya kumpa ng'ombe protini, unampa maagizo ya kuitengeneza, yaani kipande cha DNA au cha mRNA. Seli zake huyasoma kwa muda, huunda protini ya kimelea, na mwili hujifunza kumtambua adui kabla hajaja. Wazo ni zuri, na jeni zenyewe zinajulikana. Tatizo ni safari.

Vizuizi vya njiani

DNA na RNA zina chaji hasi kuanzia mwanzo hadi mwisho wa uzi wake. Utando wa seli nao una chaji hasi, kwa hiyo viwili hivyo husukumana. Hata kabla ya kufika kwenye seli, vimeng'enya vilivyojaa katika damu na tishu huzikata nyuzi hizo vipande vipande. Zikibahatika kumezwa na seli, hujikuta ndani ya kifuko kidogo kiitwacho endosomu, ambacho huongezeka asidi dakika baada ya dakika na mwisho huwa kinu cha kusaga kila kilichomo. DNA ina kizuizi kimoja zaidi: lazima iingie katika kiini cha seli. mRNA haina haja ya kufika huko, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwake siku hizi.

Polima ilionekana kuwa jibu kwa sababu ni mnyororo mrefu ambao mwanakemia anaweza kuuunda apendavyo. Akipachika vikundi vya amini kwenye mnyororo huo, polima hupata chaji chanya. Ikichanganywa na DNA, viwili huvutana na kujikunja kuwa chembe ndogo, mara nyingi ya upana wa nanomita 100 hivi, iliyoificha DNA isikatwe. Chembe hiyo huweza kukaribia utando wa seli na kumezwa.

Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1965 Vaheri na Pagano walitumia DEAE-dekstrani, sukari ndefu iliyopewa chaji chanya, kuingizia RNA ya virusi vya polio katika seli za maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 George Wu na Catherine Wu waliunganisha polilisini na protini inayotambuliwa na seli za ini, wakaifikisha jeni kwenye ini la panya aliye hai. Mwaka 1995 kundi la Jean-Paul Behr la Strasbourg lilitangaza polietilenimini, kemikali iliyokuwa ikitumika tangu zamani katika viwanda vya karatasi. Polima hiyo ina amini nyingi mno hivi kwamba asidi inapoongezeka ndani ya endosomu, yenyewe hunyonya protoni. Chumvi na maji hufuata, kifuko huvimba, na kwa maelezo ya watafiti hao hupasuka na kuuachilia mzigo. Polietilenimini imekuwa kipimo ambacho polima nyingine zote hulinganishwa nacho.

Nguvu inayoua

Lakini ndani ya sifa hiyo mna ila. Chaji chanya inayoibana DNA huubana pia utando wa seli na kuutoboa. Hushikamana na protini za damu, na chembe hukusanyika kuwa madonge. Chembe za polietilenimini zikidungwa kwenye mshipa wa panya, sehemu kubwa hunaswa mapafuni na kwenye ini. Kadiri mnyororo unavyokuwa mrefu, ndivyo unavyobeba jeni vizuri, na ndivyo unavyoua seli nyingi. Tena hauozi, kwa kuwa mwili hauna kimeng'enya cha kuukata.

Kwa hiyo karibu kazi yote iliyofuata imekuwa ya kuibadilisha polima ili ibaki na nguvu na ipoteze sumu. Mabadiliko hayo yako katika mafungu manne, na kila moja lina faida na gharama yake.

Fungu la kwanza ni kuivisha polima koti la polietileni glaikoli, linalovuta maji na kuificha chembe isishikamane na protini za damu. Koti hilo hurefusha maisha ya chembe mwilini. Lakini hilohilo huizuia kuingia katika seli, na kwa wanyama na watu kadhaa mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake, hivyo dozi ya pili huondolewa haraka kuliko ya kwanza.

Fungu la pili ni kupachika kitambulisho ili chembe ijue pa kwenda: galaktosi kwa seli za ini, manosi kwa chembe za kinga zinazomeza wavamizi. Kwa chanjo, manosi ina mantiki sana, kwa sababu chembe hizo ndizo walimu wa mfumo wa kinga.

Fungu la tatu ni kutia viungo vinavyokatika ndani ya mnyororo. Mwaka 2000 David Lynn na Robert Langer walieleza poli-beta-amino-esta, ambazo huvunjika taratibu zikiwa kwenye maji na kuacha vipande vidogo visivyo na madhara makubwa. Watafiti wengine hutumia viungo vya salfa ambavyo hukatika vikiwa ndani ya seli tu. Hapo mambo mawili hutatuliwa pamoja: mzigo huachiliwa, na polima hutoweka. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walitumia polima ya jamii hiyo kupeleka mRNA mapafuni kwa njia ya mvuke wa kuvuta, nayo ikapunguza homa ya mafua kwa panya na virusi vya korona kwa wanyama wadogo waitwao hamsta.

Fungu la nne ni kuanza na polima ya asili badala ya ile ya kiwandani. Kitosani hutokana na kitini, kitu kigumu kilichomo katika magamba ya kaa, kamba na wadudu. Magamba huchemshwa kwa alkali, vikundi vya asetili hutoka, amini hubaki wazi, na chaji chanya hupatikana. Kiwango cha uchemshaji huamua wingi wa chaji, na amini hizo huweza kubadilishwa zaidi. Mwaka 1999 kundi la Kam Leong lilionyesha kwamba panya waliolishwa DNA iliyobebwa na kitosani walipata kinga dhidi ya mzio wa karanga. Walilishwa tu, hawakudungwa. Kwa mfugaji wa kuku anayepoteza banda zima kwa kideri, chanjo ya kuchanganywa na chakula au maji si ndoto ndogo.

Kitosani haina nguvu za polietilenimini, na hilo lisemwe wazi. Lakini ni laini kwa seli, huoza, na malighafi yake tunayo kuanzia samakigamba wa Pwani hadi nzi askari mweusi (BSF), ambaye mabuu yake yanafugwa sasa nchini kwa ajili ya chakula cha mifugo. Mwanakemia wa Machakos hahitaji kibali cha kampuni ya ng'ambo ili kuanza kuishughulikia.

Washindani wameshinda wapi

Uchambuzi wa haki hauwezi kuzisifu polima bila kutaja kwamba hadi sasa njia nyingine ndizo zilizofika sokoni. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha chanjo ya DNA kwa farasi dhidi ya homa ya West Nile, na mwaka huohuo Kanada ikaidhinisha nyingine kwa samaki aina ya salmoni. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha chanjo ya DNA ya saratani ya ngozi kwa mbwa. Hakuna kati ya hizo iliyobebwa na polima yenye chaji chanya. Ya salmoni ni DNA tupu inayodungwa msulini, njia ambayo Jon Wolff na wenzake waliionyesha kwa panya mwaka 1990. Ya mbwa hupenyezwa kwa kifaa kinachorusha kimiminika kwa kasi bila sindano.

Upande wa virusi, nguvu ni kubwa zaidi. Mkenya George Warimwe na wenzake wa Oxford na Kilifi walichukua virusi vya adeno vya sokwe vilivyonyimwa uwezo wa kuzaana, wakavipa jeni ya Homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2016 walichapisha matokeo kwamba dozi moja iliwakinga kondoo, mbuzi na ng'ombe. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930 na umerudi kwa kishindo katika mafuriko ya 1997 na 2006, kwa hiyo ushindi huo ni wetu na unastahili heshima. Hata hivyo kibebeo cha virusi kina mpaka: mwili hukitambua, na kukitumia tena na tena kwa magonjwa tofauti huzidi kuwa kugumu. Kutengeneza virusi pia ni kazi ya kiwanda cha hali ya juu.

Lipidi nazo ndizo zilizobeba mRNA katika chanjo za korona za mwaka 2020, na ulimwengu ukaona uwezo wake. Ulimwengu ukaona pia udhaifu wake, kwani mojawapo ya chanjo hizo ilihitaji majokofu ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Kenya ilitia saini na kampuni ya Moderna mwaka 2022 makubaliano ya kujenga kiwanda cha mRNA nchini, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikasitisha mpango huo ikitaja kushuka kwa mahitaji. Funzo si kwamba wageni hawaaminiki. Funzo ni kwamba uwezo wa kutengeneza kibebeo ukiwa wa mtu mwingine, uamuzi wa kuendelea au kuacha pia ni wake.

Kuhusu polima kwa binadamu, jaribio lililojulikana zaidi ni la Mark Davis wa Caltech. Mwaka 2010 kundi lake lilionyesha kwamba polima iliyojengwa kwa saiklodekstrini iliweza kupeleka vipande vya RNA hadi ndani ya uvimbe wa wagonjwa wa saratani. Dawa yenyewe haikufika sokoni. Hivyo ndivyo hali ilivyo: ushahidi kwamba jambo linawezekana upo, bidhaa inayosimama bado.

Kutoka panya hadi ng'ombe

Kuna sababu ya kimsingi kwa nini karatasi nyingi za kitaaluma haziwi dawa. Panya wa maabara ana gramu 25. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 ni mzito mara 10,000. Dozi iliyotosheleza panya ikikuzwa kwa uzito, gharama ya DNA na polima humshinda mfugaji, na sumu iliyovumilika kwa tone hugeuka hatari kwa kijiko. Ngozi ya ng'ombe ni nene, misuli yake ni mikubwa, na chembe zilizodungwa hubaki karibu na tundu la sindano. Tena panya wa maabara ni ndugu wa tumbo moja wanaokula chakula kimoja. Ng'ombe wa Masinga ana minyoo, amekonda kwa ukame, amekwisha kuumwa na kupe mia, na babu zake ni mchanganyiko.

Ndiyo maana kazi ya ILRI ina uzito wa pekee, hata pale isipohusu jeni moja kwa moja. Mwaka 2021 watafiti wake pamoja na wenzao wa nje walichapisha jaribio la p67 kwa ng'ombe. Walichukua kipande kidogo cha protini hiyo, chenye amino asidi 80, ambacho awali kilihitaji dozi tatu za mikrogramu 450. Walikipachika kwenye vibebeo viwili: chembe zinazofanana na virusi, na vifuko vya silika ambavyo ngozi yake ilibadilishwa kwa kemia kwa kuongezewa minyororo ya kaboni 18. Kibebeo cha kwanza kiliamsha sana kingamwili, cha pili kikaamsha chembe za kinga, na vyote viwili pamoja vilitoa kinga bora kuliko zote walizowahi kupata kwa kipande hicho. Mzigo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kibebeo. Sijui ushahidi ulio bora zaidi, kutoka katika mifugo yetu wenyewe, kwamba kemia ya kibebeo si jambo la pembeni.

Niseme pia tofauti moja ambayo huwachanganya watu. Kumpa mnyama chanjo ya jeni si kumbadilisha ukoo. ILRI imefanya pia utafiti wa aina hiyo ya pili: ilimzalisha kwa njia ya kunakili seli fahali wa Boran aliyeitwa Tumaini, kama hatua ya kuelekea ng'ombe wenye jeni ya kustahimili nagana, ugonjwa unaosambazwa na mbung'o. Jeni ya namna hiyo hutiwa kabla ya mimba kuanza na hurithiwa na ndama. Chanjo ya jeni hulenga seli chache za msuli au za kinga, husomwa kwa muda, na nia yake ni kupotea. Kazi ya polima inayoozeka ni kuhakikisha kwamba inapotea kweli.

Funzo la sotoka

Anayedhani kwamba ubora wa chanjo ndio unaomaliza ugonjwa na aisome historia ya sotoka ya ng'ombe. Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo yake Muguga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa chanjo bora, salama, yenye kinga ya kudumu. Hata hivyo ugonjwa uliendelea kujificha kwa miongo miwili na zaidi katika maeneo ya wafugaji wa mbali, kwa kuwa chanjo haikuvumilia joto. Kisha Jeffrey Mariner na wenzake walibadilisha namna ya kuikausha, ikaweza kukaa kwa wiki kadhaa bila jokofu. Wahudumu wa afya ya mifugo waliochaguliwa na jamii zao waliibeba kwa miguu hadi mahali gari halifiki. Kisa cha mwisho kilionekana mwaka 2001 katika Mbuga ya Meru, hapa Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imetokomezwa.

Virusi vya ndani ya chanjo havikubadilika. Kilichobadilika ni uwezo wa chanjo kusafiri, na watu walioipeleka. Hapo ndipo polima zina nafasi ambayo lipidi bado zinaitafuta kwa shida: chembe nyingi za polima na DNA huweza kukaushwa pamoja na sukari kama trehalosi, zikawa unga, na baadaye zikatiwa maji bila kupoteza nguvu zote. DNA yenyewe huvumilia joto kuliko mRNA. Kwa nchi kama yetu sifa hii ina thamani kuliko asilimia chache za ziada za nguvu katika bakuli la maabara.

Imani haiwezi kudungwa

Hata chembe bora haitafika kwa ng'ombe ambaye mwenyewe amemficha. Mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ilipotangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo na sotoka ya mbuzi na kondoo, uvumi ulienea kwamba chanjo hizo zilikuwa za kubadilisha jeni za mifugo. Hazikuwa hivyo, zilikuwa chanjo za aina iliyozoeleka. Lakini hofu ilitangulia maelezo.

Ni makosa kuwacheka wafugaji hao. Ukambani una kumbukumbu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, kwa hoja ya kitaalamu kwamba ng'ombe wengi ndio walioleta mmomonyoko wa udongo. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei duni, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River na kilihitaji mifugo. Muindi Mbingu aliongoza umati uliotembea hadi Nairobi kudai haki mbele ya gavana. Alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha unyakuzi huo. Watu ambao mababu zao walinyang'anywa ng'ombe kwa jina la sayansi wana haki ya kuuliza sayansi maswali.

Na maswali yao ni yaleyale ambayo mwanakemia anapaswa kujiuliza. Je, polima itabaki katika nyama au maziwa, na kwa siku ngapi? Je, DNA inaweza kuingia katika mbegu za fahali? Mimba itaathirika? Nani atalipa mnyama akifa? Kenya ina Sheria ya Usalama wa Viumbe ya mwaka 2009 na mamlaka inayoisimamia, na ina wasimamizi wa dawa za mifugo. Sheria inatosha kuanzia. Kinachokosekana ni desturi ya kuyajibu maswali haya hadharani, kwa Kiswahili na Kikamba, sokoni na barazani, kabla ya sindano ya kwanza.

Mizani yetu

Nikikusanya yote, naona masharti manne ambayo kibebeo cha jeni kwa mifugo yetu kinapaswa kutimiza, kwa mpangilio huu. Kwanza, kivumilie joto la Yatta kwa wiki kadhaa kikiwa kikavu. Pili, kioze mwilini na vipande vyake vijulikane, ili nyama inayopelekwa machinjioni na maziwa yanayopelekwa kwa watoto yasiwe na shaka. Tatu, kitengenezwe kwa malighafi na ujuzi tunaoweza kuumiliki, ili bei iamuliwe hapa. Nne, kitoe kinga ya kutosha kwa dozi moja au mbili, kwa kuwa kumkamata ng'ombe mara tatu ni gharama ambayo wengi hawataimudu.

Kwa mizani hiyo, polietilenimini isiyobadilishwa haifai, japo itabaki mwalimu wa maabara. Poli-beta-amino-esta na ndugu zake wanaokatika wana sifa ya pili, na huenda ya nne. Kitosani iliyobadilishwa ina ya pili na ya tatu, na inaweza kupewa ya kwanza kwa kukaushwa vizuri. Ningeanza na kuku na mbuzi, kwa sababu ni wadogo, ni wa gharama nafuu, na ndio akiba ya akina mama wengi wa Ukambani. Ng'ombe na ndigana kali wafuate tukishajua tunachofanya.

Nyenzo za kuanzia zipo karibu ajabu. Chuo Kikuu cha Machakos kinaweza kuwafunza wanakemia kuisafisha na kuibadilisha kitosani. Taasisi ya KEVEVAPI hutengeneza chanjo za mifugo na inajua kuzikausha. Kapiti ina wanyama wanaoishi katika jua, kupe na ukame wa kweli. Wahisani na serikali wanaotoa fedha wanaweza kudai jambo moja rahisi: kabla ya matokeo yoyote ya panya kupewa fedha za awamu ya pili, unga wa chanjo uwekwe kwenye chumba cha nyuzi 40 kwa mwezi mzima, kisha upimwe. Polima isiyoweza kupita mtihani huo isiletwe kwa ng'ombe wa Machakos, hata kama imewaponya panya wote wa maabara.